Mafunjo ya Berea

Turffontein, Johannesburg
9 Februari 2025

Kaka yangu Laurenti,

Shikamoo. Ndugu yetu Octavian ameniambia masikio yako sasa hayapokei simu hata mtu akipayuka, na kwamba ile simu yako ndogo umempa mpishi wa nyumba ya mapadri. Basi turudi kwenye karatasi, kama ulipokuwa masomoni Roma na mimi bado nasoma kwa masista. Bakiri, mchuuzi jirani yangu, anakwenda Dar kununua vitenge. Ataipandisha barua hii basi la Bukoba, na jibu lako nalo lipitie kwake.

Huku tuko. Mvua za mchana zinashuka na radi zake, farasi wa uwanjani hapa jirani wanalia mpaka unawaonea huruma. Cherehani yangu bado iko Marshalltown, mlango uleule, na sare za shule zimenishika mpaka juzi. Nilikwenda makaburini kumpalilia mume wangu Thabo. Jina lake bado linasomeka vizuri. Nimesikia mnyauko umeingia kwenye migomba ya baba. Niambie kama ni kweli au ndugu yetu anatafuta huruma tu.

Kaka, mpwa wako Lerato anaumwa. Mwaka jana alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali kubwa ya serikali walichukua kinyama cha kupima, wakasema ni kansa, lakini wakasema tumewahi: atakatwa titi, kisha atiwe dawa za mshipani, na wengi wa namna yake wanapona. Tarehe ya kukatwa ilipofika hakwenda. Steve, yule aliyekuwa amchumbie, aliacha kuja tangu aliposikia neno kukatwa.

Badala ya hospitali anakwenda kanisa moja huko Berea, la Wakongo. Alipelekwa na Mamie, msusi anayefanya naye kazi saluni. Mwanzoni nilifurahi, nisikufiche. Unajua mtoto huyu amekua anasikia Kiswahili na kunijibu kwa Kizulu au Kiingereza, tangu Thabo alipomaliza uhamisho wa wapigania uhuru akatuleta huku, naye ana miaka miwili. Sasa anarudi kutoka huko ananiambia, "Mama, niko nasikia muzuri leo." Kiswahili cha Kikongo, lakini ni Kiswahili! Nilikaa nikimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya kwao.

Huko kanisani wana kitu ndani ya kioo. Mchungaji wao anaitwa Gustave. Anasema ni kipande cha Injili ya Marko kwa Kigiriki, kilichoandikwa zamani sana kabla ya kuwepo makanisa ya mawe, na kwamba ndipo penye habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi akagusa vazi la Yesu. Wagonjwa wanaweka mikono juu ya kioo. Lerato anasema maumivu yamepungua na uvimbe unalainika. Mimi nimeupapasa. Haujalainika.

Wewe ulifundisha Kigiriki seminarini miaka yote ile. Kitu kama hicho kinaweza kuwa Berea, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro?

Mdogo wako,
Evarista


Bukoba
16 Machi 2025

Mdogo wangu Evarista,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa magoti na hayo masikio. Masika yameanza. Kuhusu shamba, Octavian hakukudanganya. Imebidi akate migomba yote upande wa chini mpaka karibu na kaburi la mama, na kuizika. Ukisimama pale sasa unaona ziwa moja kwa moja, jambo ambalo hatukuwahi kuliona tukiwa watoto. Nilikaa naye siku nzima.

Habari za Lerato zimenilemea. Nitakujibu uliloniuliza, lakini nitangulize hili: usinisubiri mimi. Mpeleke hospitali kesho.

Vipande vya kale vya Injili kwa Kigiriki vipo. Viliandikwa kwenye mafunjo, haya haya yanayoota bwawani kwetu, ambayo mama alisukia mikeka tuliyolalia. Misri waliyachana, wakayapanga marefu kwa mapana, wakayagandamiza yakawa kurasa. Mchanga mkavu wa kule umeyatunza. Lakini vile vya miaka mia mbili au mia tatu ya kwanza ni vichache mno. Vinajulikana kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake, na viko kwenye maktaba kubwa ambako hata kuviona unaomba ruhusa. Nilipokuwa mwanafunzi nilionyeshwa kimoja. Profesa wetu alituzuia hata kupumua karibu yake.

Kwa hiyo mashaka ninayo. Lakini mashaka si jibu, na sitaki kumwita mtu mwongo bila kuona. Nitumie picha iliyochapwa kwenye karatasi, kubwa, iliyopigwa karibu, pande zote mbili kama inawezekana.

Mwambie Lerato mjomba wake anamtaja kila asubuhi katika Misa.

Kaka yako,
Laurenti


Turffontein
27 Aprili 2025

Kaka yangu,

Shikamoo tena, na pole kwa migomba. Nimejaribu kuifikiria ile sehemu bila kivuli nikashindwa.

Nilikwenda mwenyewe Berea siku ya Pasaka. Ngazi zile zina giza mchana, umeme hakuna, lakini juu wamepaka rangi nyeupe na kudeki vizuri. Watu walijaa mpaka koridoni. Walioketi mbele walikuwa wagonjwa. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini haendi kliniki, akanicheka. "Kliniki gani, mama? Kuko bantu pa mlango banauliza kitambulisho ya South Africa. Nilirudishwa mara tatu." Ni kweli, kaka. Kuna watu wenye fulana za kundi la kupinga wageni wanasimama getini, ukiwa huna kitambulisho cha hapa, au ukizungumza tu kwa lafudhi ngeni, huingii. Hawa watu wa Berea hawakuikimbia hospitali. Walifungiwa.

Lakini Lerato anacho kitambulisho! Ni mtoto wa Thabo, amezaliwa raia. Mlango uko wazi kwake na yeye ndiye asiyeutaka.

Huyo Gustave si mtu wa kelele. Ni mwembamba, koti lake limeshonwa upya kwenye viwiko, mshono mzuri wa mkono. Mkewe Jeannine alifariki mwaka juzi. Anawaita wagonjwa kwa majina, anapiga magoti sakafuni mbele ya kila mmoja. Nilikuja nikitaka kumchukia na ibada ikaisha sijaweza.

Nilimwomba nipige picha, akakubali bila wasiwasi wowote. Anasema alipewa zawadi na muumini aliyerudi kutoka Misri. Upande wa nyuma haiwezekani, kimegandishwa kwenye kitambaa. Kuna mistari saba, na tundu moja katikati. Nimeichapisha Marshalltown, nimeiweka humu ndani.

Lerato amekonda. Ninapotaja hospitali anainuka na kwenda chumbani kwake. Kaka, anakuheshimu. Alisema mwenyewe, "Mjomba akisema si kweli, nitafikiria." Ninachohitaji kutoka kwako ni sentensi moja.

Evarista


Bukoba
2 Juni 2025

Mdogo wangu,

Picha imefika salama, haikukunjika. Mimi ni mzima. Padri mwenzetu Mahugija alizikwa wiki iliyopita, mvua ikawanyeshea wote mpaka askofu.

Nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Naliona neno binti, lipo wazi, mstari wa pili. Ni habari ileile aliyoisema mchungaji. Kuhusu umri wake nimemwandikia rafiki yangu aliyebaki Roma, ambaye kazi yake ni mambo haya. Naomba univumilie mpaka anijibu.

Hospitali, Evarista. Hospitali.

Laurenti


Turffontein
20 Julai 2025

Kaka Laurenti,

Shikamoo. Baridi ya mwaka huu ni kali, maji ya ndoo yanaganda nje. Sina habari nyingine za nyumbani.

Nimengoja. Kila Bakiri aliporudi nilimfuata Park Station anaposhukia basi, nikimwona tu anavyotikisa kichwa najua. Unaniandikia hospitali, hospitali, kama kwamba mimi ndiye ninayemzuia. Ana miaka thelathini na minne. Nimfunge kamba?

Ulisema unaliona neno binti. Hilo hata wasusi wa Berea wanalijua. Mistari ni saba, kaka. Umesoma Kigiriki maisha yako yote halafu unanisomea neno moja? Kuna kitu umekiona na hutaki kukiandika. Nakujua. Ulikuwa hivihivi baba alipougua, ukawa unaandika kuhusu hali ya hewa ya Roma.

Kama ni cha kweli, sema. Kama ni cha uongo, sema. Kama hujui, basi danganya! Sema ni cha uongo, tia sahihi na cheo chako, nimsomee. Mungu atanihesabia mimi.

Titi limepasuka. Linatoa maji na harufu. Anavaa skafu nyingi ili nisisikie, na mimi najifanya sisikii.

Evarista


Bukoba
18 Agosti 2025

Dada yangu,

Leo nitaanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Kipande hicho si cha kale. Sihitaji kudanganya. Mafunjo yenyewe yanaweza kuwa ya zamani, yapo mengi matupu yanayouzwa, lakini maandishi ni ya juzi. Chukua picha utazame tundu lile. Kwenye mstari wa nne, upande wa kushoto wa tundu, kuna herufi iliyobanwa ikawa nyembamba kuliko nyingine zote ili isiangukie kwenye tundu. Mwandishi wa kale alipoandika, ukurasa ulikuwa mzima. Angejuaje kwamba baada ya miaka elfu moja na mia kadhaa patatoboka pale pale? Huyu aliandika tundu likiwa tayari lipo. Kisha tazama ukingo wa chini uliochanika: wino umeteleza ukaingia ndani ya mpasuko. Ukurasa ulichanika kwanza, wino ukaja baadaye. Rafiki yangu wa Roma ameona mambo hayohayo. Msomee Lerato maneno haya. Natia sahihi na cheo changu.

Sasa lile la pili. Nilikuambia namngoja rafiki yangu. Jibu lake lilinifikia mwisho wa Juni. Aliyekuchelewesha ni mimi.

Aliyeandika alinakili kutoka Injili iliyochapwa, na hakuishia mahali pazuri. Mstari wa pili Yesu anamwita yule mwanamke binti, na anamwambia amepona. Mchungaji anasoma hapo na kunyamaza. Lakini habari inaendelea. Unakumbuka kwamba Yesu alikuwa njiani kwenda kwa mtoto mgonjwa wa Yairo, na kabla hajamaliza kuzungumza na mwanamke, wakaja watu kutoka nyumbani kwa Yairo. Neno binti limo mara mbili kwenye kipande hicho. Mstari wa sita ni watu hao wakimwambia baba yake kwamba binti yake amekufa.

Mimi si mtu wa ramli. Nimewafundisha vijana maisha yangu yote kwamba maandiko si kete za kutupwa. Lakini kila niliposhika kalamu sikuweza kuiandika sentensi hiyo kwenye karatasi inayokwenda kwako. Nikaacha. Kesho yake nikaacha tena. Kinachofuata katika Injili, mtoto anapoamshwa, unakijua, sitakuhubiria.

Octavian anakusalimu. Amepanda maharage palipokuwa na migomba.

Padri Laurenti,
mwalimu mstaafu wa Maandiko


Turffontein
5 Oktoba 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Tupo. Mijakaranda imeanza kuchanua na watu wanaipiga picha.

Barua yako ilifika Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Septemba. Kabla ya kumwonyesha Lerato niliipeleka Berea, kwa sababu nilitaka kwanza kumwona yule mtu akianguka. Nilimkuta Gustave peke yake, anapanga viti. Nikamsomea sehemu ya tundu na sehemu ya wino. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliandika hii?"

"Kaka yangu. Ni padri, amefundisha Kigiriki."

"Aliona ile kitu na macho yake?"

"Ameona picha. Lakini twende kwenye kioo, tazama mwenyewe."

Hakutaka kwenda. Nikamshika mkono, kaka, nikamvuta kama mtoto, nikamwekea kidole kwenye ile herufi nyembamba. Akainama. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kiti kimoja cha wagonjwa.

"Mama," akasema, "bibi yangu Jeannine alikufa akishika hii kioo pa kifua. Docteur alisema nimulete, miye nikasema hapana, Mungu yuko nasema naye hapa. Kama hii ni bongo, basi ni miye nilimuua. Ni ile unataka niseme?"

Bongo kwao ni uwongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwovu, sikuwa nimejiandaa kwa huyu.

"Usiambie bantu," akasema. "Niachie siku kidogo."

"Binti yangu hana siku kidogo."

Nilirudi nyumbani nikamsomea Lerato. Alikuwa kitandani amejiegemeza mito. Nilisoma tundu, nikasoma wino, nilipofika kwenye mstari wa sita nikaruka, nikaenda kwenye maharage ya Octavian.

"Umeruka mahali, Mama."

"Mwandiko wa mjomba wako mbaya."

"Mwandiko wa mjomba ni kama wa mashine." Kisha akaendelea kwa Kizulu, kwa sababu jambo zito bado analisema kwa lugha ya shuleni. Alisema alijua kwa muda mrefu kwamba huenda si cha kweli. Kule Berea kuna binti mmoja anayesoma chuo, alishamwambia. Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kwenda. Akasema: "Hospitali nilikaa kwenye benchi siku nzima, wakaniita kwa namba, wakachora alama kwenye titi langu kwa kalamu na hakuna aliyeniangalia usoni. Nikatoka nje, Steve hapokei simu. Jioni yake Mamie alinipeleka Berea. Watu nisiowajua walipiga magoti kwa ajili yangu na kuniita jina. Sikwenda kwa ajili ya karatasi, Mama."

"Na mimi? Mimi sikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa unalia. Nilikuwa nakufariji wewe."

Eish, kaka.

Nikamtengenezea mito. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Sasa niko tayari. Tuende."

Tulikwenda Jumatatu iliyofuata. Daktari ni msichana mdogo, Mhindi wa Durban, mpole. Alimwangalia usoni, alimwita jina. Alipofungua skafu alifunga macho kidogo tu. Walimpiga picha za kifua na za mgongo. Kansa imeingia kwenye mapafu na kwenye mifupa. Hakuna cha kukata tena. Alisema, kama wangekuwa wamemwona mwaka jana... Hakumaliza, na mimi sikumwomba amalize. Wametupa dawa ya maumivu ya kunywa, ya kahawia, kwenye chupa ndogo.

Sikulaumu kwa ile miezi. Nimekaa nikatafuta kama nakulaumu. Siku nyingine nitakuambia nilichokuta.

Evarista


Bukoba
9 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia Lerato amerudi hospitali. Nilipiga magoti palepale nilipoisomea barua yako, mpishi akadhani nimeanguka. Madaktari wa siku hizi wana dawa nyingi mpya, na huyo binti wa Kihindi anaonekana ni mtu wa moyo. Lerato ale vizuri, aote jua.

Senene wameanguka kwa wingi mwaka huu. Watoto wa Octavian wamekesha kwenye taa. Nimewakaangia mwenyewe, bila chumvi nyingi, nimemfungia Lerato kopo ambalo Bakiri ataleta pamoja na barua hii. Alipokuja akiwa mdogo alikataa kuwagusa, kisha akala kopo zima akajificha nyuma ya tanki la maji. Mkumbushe.

Huyo Mchungaji Gustave namwombea. Sina la kumwandikia.

Nategemea barua yako ijayo utaniambia ameanza dawa gani.

Kaka yako,
Laurenti


Turffontein
7 Desemba 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Ulisoma barua yangu ya Oktoba, ulisoma kila mstari, nami najua hivyo. Kwa hiyo sitakulaumu kwa kuniuliza dawa gani.

Lerato alifariki tarehe nne Novemba, mchana, hapa nyumbani. Wewe ulikuwa bado hujaandika. Octavian nilimpigia siku ileile. Baadaye aliniambia amekwenda mpaka mlangoni kwako mara mbili akakuta umekaa na kikaango cha senene, akarudi bila kusema. Amesema atakuambia. Kama hajakuambia mpaka sasa, basi nakuambia mimi. Kaa chini kwanza. Mwite mpishi akae nawe.

Hakuteseka sana siku ya mwisho, ile dawa ya kahawia ilimsaidia. Tulikuwa naye mimi na Mamie. Aliniomba nimwimbie, nikamwimbia za kwetu, zile za mama za kubembelezea, kwa Kihaya, ambacho hajui hata neno. Akaniambia, "Endelea." Nikaendelea. Sikujua amekwisha kuondoka mpaka Mamie aliponishika bega. Tulimwosha wawili. Mashemeji zangu wa Soweto walikuja wakashika kila kitu, wakachinja, wakamzika karibu na baba yake kwa heshima zao zote. Mimi nilikuwa kama mgeni aliyealikwa.

Gustave alikuja mazishini. Alisimama mbali, nje ya hema, kwenye jua. Jumapili kabla ya Lerato kufa alikuwa amesimama mbele ya kanisa lake na kuwaambia wote: kioo hiki ni bongo, endeni kwa waganga wa hospitali, na kwamba Jeannine alikufa kwa sababu yake. Mamie alikuwepo. Anasema msaidizi wake Gustave, Firmin, akapanda mbele akasema mchungaji ameingiliwa na shetani kupitia mwanamke Mtanzania. Wakamtoa. Hawakumpiga, walimsukuma tu mpaka ngazini, wengine wanalia. Kioo kimebaki. Foleni ya wagonjwa imebaki, Mamie anasema ni ndefu zaidi.

Nilimwita aingie hemani. Alikataa. Nikachukua sahani ya chakula nikampelekea kule kwenye jua, nikampa mkononi. Alisema, "Mama, miye sistahili." Nikamwambia ale, mikono yangu imechoka kushika sahani. Akala. Sijamsamehe, kaka, na usiniandikie kuhusu kusamehe. Lakini alikuwa na njaa.

Senene walifika baada ya mazishi. Tuliwala mimi na Mamie, hapa jikoni, kopo zima. Kumbe hata kwao wanawala.

Ulipokaa kimya ile miezi nilikuchukia. Nilikuahidi kukuambia nilichokuta moyoni, basi ni hicho, na bado kipo, kidogo. Lakini wewe ndiwe uliyebaki ninayeweza kumwandikia kwa lugha hii. Lerato alikuwa ameanza tu.

Lililobaki ni Mamie. Wiki iliyopita nilikuwa nampima gauni, nikapitisha utepe kifuani akaruka. Nilimwuliza, akasema si kitu, ni maziwa ya zamani. Nikauweka utepe chini, nikamwambia avue. Donge lipo, kaka. Upande wa kulia, dogo, gumu, kama kifungo cha koti. Amelijua tangu Juni. Alikuwa anaweka mkono juu ya kioo cha Berea kama wenzake.

Hana kitambulisho cha hapa, ana ile karatasi ya wakimbizi iliyokwisha muda. Getini watamzuia. Basi nitakwenda naye. Nitavaa yale mavazi ya msibani ya mashemeji, nitawasemesha Kizulu cha Thabo, kitambulisho changu cha ujane wa mpigania uhuru nitakiweka mbele ya pua zao, na nitasimama hapo na yeye nyuma yangu mpaka tupite au mpaka watubebe. Nimemwambia Gustave naye aje, asimame upande wa pili. Amekubali. Anaogopa, lakini amekubali.

Ni kesho. Ukinitajia mtu katika Misa, mtaje Lerato kwanza, kisha Mamie, jina lake lote ni Mamie Kavira. Foleni huanza kabla hakujapambazuka, kwa hiyo nakwenda kulala.

Evarista